Kuruka Si Kusimama



Watoto wetu hapa Sherikat walitengeneza ubao wa magurudumu, ule ambao wengine huuita skeitibodi. Walipata mbao ya kitanda kilichovunjika na beringi kuukuu kutoka kwa mafundi wa magari, wakaenda nao pembeni mwa barabara ya Nimule, pale lami inapoinama kidogo. Sisi wakubwa tulikaa kivulini tukawapigia makofi. Mvulana mmoja wa miaka 12 alishuka kwa kasi, akaona hawezi kusimama, akaruka. Hakupata hata mchubuko. Ubao uliendelea peke yake mpaka kwa mama auzaye chai, ukapindua jiko, na maji ya moto yakamuunguza mguu.

Jioni mvulana aliletwa mbele ya wazee. Akasema, "Baba, mimi niliruka tu. Ubao ndio uliogonga." Mzee mmoja akamwuliza, "Na ubao ni wa nani, mwanangu?" Mtoto akanyamaza. Nasi tulinyamaza.

Je, alikosa? Baadhi yetu walisema hapana, kwa kuwa kila kiumbe hujiokoa, na aliyeruka hakuwa na nafasi ya kufikiri. Hilo tunalikubali. Lakini tukisoma Kumbukumbu la Torati 22:8 tunaona kwamba Mungu aliwaagiza watu wake wajenge ukingo juu ya dari la nyumba mpya, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba ile. Agizo hilo linahusu siku ya kujenga, kabla mtu yeyote hajaanguka. Kwa hiyo kosa la mtoto wetu, kama lipo, halikuwa pale aliporuka. Lilikuwa juu, alipopanda ubao asiojua kuusimamisha. Na sisi tuliokuwa tunapiga makofi tulikuwa juu pamoja naye.

Ndugu zetu waliotoka Goma wanalielewa jambo hili kuliko sisi. Kule wanaume hushuka kutoka vijiji vya upande wa mlima Nyiragongo kwa chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kisicho na injini, kikiwa kimebeba magunia ya makaa au viazi. Breki yake ni kipande cha tairi kilichowekwa kwenye gurudumu la nyuma, nacho hukanyagwa kwa mguu. Mwenye chukudu akiruka, yeye atapona, lakini mzigo utawafuata waendao kwa miguu mbele yake.

Hapa tunaomba tusieleweke vibaya. Sisi sote ni watu tuliokimbia, na hakuna awezaye kumlaumu mama aliyebeba mtoto mgongoni akakimbia. Yeye hakusukuma kitu chochote kutoka juu. Vita vya Desemba 2013 na mapigano ya Julai 2016 vilianza hapa hapa Juba, na tumewaona wakubwa wakiruka salama huku kile walichokisukuma kikiendelea kuteremka hadi vijijini kwetu. Mtoto wa miaka 12 hatumlinganishi nao. Tunasema tu kwamba kujiokoa hakumalizi hesabu.

Huko Kitintale, Kampala, vijana walijijengea uwanja wa saruji wa kuteleza mwaka 2006. Katika uwanja kama huo ubao uliotoroka hugonga ukuta. Kwetu sisi hugonga jiko, au huingia kwenye barabara ya malori yatokayo Uganda.

Wengine walitaka ubao uchomwe. Hatukuuchoma. Sasa watoto hujifunza kwenye sakafu ya saruji nyuma ya kanisa, wakiwa na viatu vya tairi, si kandambili wala peku. Uzito wote hubaki kwenye mguu wa mbele, goti likiwa limekunjwa, macho mbele. Mguu wa nyuma hushushwa polepole, unyayo ukiwa bapa, ukaguse sakafu kwa wepesi kama mtu anayefagia. Kisha ndipo hukandamizwa kidogo kidogo. Anayetanguliza kisigino au kukanyaga kwa ghafula hutupwa mbele. Ni kazi ya kuchosha, na watoto huilalamikia sana, maana hakuna anayepigiwa makofi kwa kusimama. Tumechora mstari wa mkaa sakafuni. Asiyeweza kusimama kabla ya mstari husukuma mara moja tu, hata kama ni mkubwa kuliko wenzake. Lami bado wamekatazwa.

Mvulana yule humchotea maji mama wa chai kila asubuhi, naye kidonda kinakauka vizuri, tunamshukuru Mungu. Mama amemsamehe mbele ya kanisa. Ila jiko lake amelihamishia upande wa pili wa mti, nasi hatujamwomba alirudishe.