Fasli: Ujira wa Aliyekufa Kabla ya Kulipwa

Bismillahi Rahmani Rahim. Amma baad: jua, ewe ndugu Muislamu, ya kuwa ujira wa mwajiriwa ni deni katika dhima ya aliyemwajiri, wala mauti hayalifuti.

Septemba 1916 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana Kisaki, chini ya milima ya Uluguru. Nyuma ya askari walikuwako wapagazi, vyakula na risasi vichwani mwao, wengi wametwaliwa kwa nguvu. Wakafa kwa njaa, homa na kuhara damu. Waliandikiwa mshahara, lakini ujira wa wengi haukuwafikia wajane wala mayatima wao. Lililosalia ni jina, Kariakoo ya Dar es Salaam, lililotokana na jeshi la wapagazi hao wa Kiingereza.

Kadhi gani angeikubali hesabu hiyo? Wanavyuoni wa Kishafii wamesema: mwajiriwa akifa katikati ya kazi, mapatano huvunjika kwa siku zilizosalia, si kwa zilizopita; ujira wa zilizopita huingia katika mirathi yake. Na katika Hadithi ya watu watatu waliozibiwa na jiwe pangoni, aliyoipokea Bukhari, mmoja wao aliachiwa ujira na mwajiriwa aliyekwenda zake. Hakuula, aliuzalisha hata ukawa makundi ya wanyama, na mwenyewe aliporudi akampa wote. Huyo alirudi kwa miguu yake. Je, aliye kaburini, nani amrudie?

Wako wasemao kudai ni kukosa subira. Hayo ni maneno ya wadaiwa! Mtume (S.A.W.) ameuita ucheleweshaji wa tajiri kulipa deni kuwa ni dhuluma, na aliyedhulumiwa ana haki ya kusema.

Basi katika Tanzania mlango upo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi. Asipoyaleta mbele ya shauri, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa ni wake. Hili ni jambo kubwa kwa kibarua asiye na karatasi. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: ya mshahara ndani ya siku 60, ya kuachishwa kazi isivyo haki ndani ya siku 30. Kwanza husuluhishwa, wasipopatana, huamuliwa. Aliyechelewa kwa udhuru wa kweli huomba kuongezewa muda, naye aueleze udhuru huo siku kwa siku.