Masala ya Mlango Uliobonyea



Tumeletewa masala na ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani, ambaye biashara yake ni kununua motokaa zilizokwisha kutumika katika Dar es Salaam na kuzipeleka bara kuziuza. Asema yakwamba alinunua motokaa ambayo mlango wake mmoja ulikuwa umebonyea kwa kugongwa, akaipeleka kwa fundi wa bati, na mlango ukatengenezwa hatta usionekane alama. Kisha akasafiri nayo zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Ushirombo, akaiuza kwa mchimba dhahabu, Msumbwa asiyekuwa Mwislamu, kwa bei ya motokaa isiyopata kugongwa. Mnunuzi hakuuliza, naye hakusema. Sasa moyo wake hautulii, naye auliza: Jee, nina dhambi, na hali sikutamka uwongo hata neno moja?

Yapasa kwanza kujua fundi alifanya nini, kwani hapo ndipo penye shina la masala. Bati likibonyea hutanuka, nalo halirudi mahali pake kwa kupigwa ovyo. Fundi mwema hufungua bitana ya ndani ya mlango, akaweka chuma cha kuegemeza upande mmoja na nyundo upande wa pili, akagonga pole pole kutoka pembezoni kwenda katikati, hatta bati likarudi sura yake. Kazi hii yataka saburi, na ujira wake si haba. Fundi mwingine huliacha bonde kama lilivyo, akalijaza puti, akasugua kwa msasa, akapuliza rangi. Siku ile ya kwanza milango miwili hiyo ni sawa machoni. Walakini puti si chuma. Ikiwa nene, kwa mtikisiko wa njia mbovu za machimboni hupasuka, maji ya masika yakaingia, na kutu ikala bati kwa chini pasipo mtu kujua, mpaka rangi ivimbe. Mjuzi hugonga kwa kidole akasikia sauti imekufa, au huweka sumaku ikakataa kushika. Mnunuzi wetu wa Ushirombo labda aweza kulitambua jiwe lenye dhahabu kwa kulitazama tu, lakini bati si elimu yake. Ndugu yetu alikiri kwamba mlango wake ni wa namna hii ya pili.

Kutengeneza kitu kilichoharibika ni jambo jema, wala hapana wa kulikataza. Masala ni kuuza. Kila mmoja wetu amesikia khabari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya fungu la nafaka, vidole vyake vikapata majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Na yule mtu hakuwa amesema neno lolote la uwongo. Fungu lake ndilo lililosema kwa niaba yake.

Hali kadhalika katazo la kumfunga mnyama chuchu siku kadha ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyenunua amepewa hiari siku tatu, amweke au amrudishe pamoja na saa moja ya tende. Imamu Nawawi (alikufa mwaka 676 Hijria) katika Minhaji ametaja pamoja na haya kuyazuia maji ya kinu kisha kuyafungulia wakati wa kuuza, na kutia weusi katika nywele za mtumwa. Tazama, yote haya ni vitendo visivyo na ulimi. Puti na rangi ni katika jamaa hiyo hiyo.

Na iliyo karibu zaidi na mlango wetu ni khabari aliyoitaja Imamu Ghazali (alikufa 505) katika Ihyaa, ya kwamba Imamu Ahmad bin Hanbal aliulizwa juu ya nguo iliyotatuka ikatililiwa hatta pasionekane palipotatuka. Akajibu kwamba mwenye kuiuza haimpasi kuficha, na mwenye kutililia haimhalalikii kazi ile ila akijua kwamba mwenye nguo atabainisha, au haitaki kwa kuuza. Basi mafundi wa bati na wao wasidhani wamesalimika kwa kuwa wao wamepokea ujira tu.

Wako watakaosema: kila mwenye motokaa hufanya hivi, na mnunuzi huambiwa achukue kama ilivyo. Kufanya kwa wengi hakuhalalishi kitu. Ama sharti hilo la kama ilivyo, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafii ni kwamba humwondolea muuzaji dhima ya aibu iliyofichika katika mnyama, tena aibu asiyoijua. Motokaa si mnyama, na ndugu yetu alijua. Lakini tusivuke mpaka kwa upande wa pili: aibu katika sheria ni ile inayopunguza thamani mbele ya wafanya biashara. Mlango ulionyooshwa kwa nyundo ukarudi kabisa, ikiwa wajuzi hawapunguzi hata senti kwa ajili yake, si lazima kuutangaza.

Na asiseme mtu kuwa mnunuzi si wa dini yetu. Katika Suratul Mutaffifin, wanaopunjwa wametajwa kwa jina la watu, haikusemwa Waislamu. Wazee wetu, ambao hawakuwa wapole kwa adui, walisema Mgala muue na haki yake mpe. Na huyu si adui, ametoa fedha aliyoitoa shimoni.

Basi jawabu letu kwa ndugu yetu ni kuwa dhambi ipo, na toba yake haitimu kwa istighfari peke yake. Na amwendee au ampelekee khabari, amwambie mlango ule una nini. Akitaka kurudisha, ampokee na amrejeshee fedha yake. Akiridhika nayo baada ya kujua, ni yake. Wala asichelewe, kwani ile njia ya Ushirombo yaendelea hatta Rusumo, mpakani mwa Rwanda, na motokaa ikishauzwa tena huko, hatajua amtafute nani.