Sauti ya Mwanafunzi ni Amana

Mwalimu anaposomesha kwa kompyuta, na wanafunzi wake wametawanyika mijini na vijijini, darasa lake huwa na sauti za namna mbili. Ya kwanza ni sauti yake mwenyewe, iingiayo kwa maikrofoni. Ya pili ni ile itokayo ndani ya kompyuta: sauti ya filamu anayoionyesha, na sauti za wanafunzi wanaouliza na kujibu kutoka mbali. Programu za kunasa mihadhara huzitenga sauti hizi mbili. Katika Panopto, kwa mfano, programu ambayo asili yake ni Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, maikrofoni huchaguliwa mahali pake, na kipo kisanduku kidogo ambacho mwalimu hukitia alama akitaka sauti ya kompyuta nayo ichukuliwe.

Aghalabu kisanduku hiki huhesabiwa kuwa jambo la ufundi tu. Mwalimu hufundishwa namna ya kukitia alama, wala haulizwi kama yafaa akitie. Nami naona kwamba swali la pili ndilo lililo zito, maana hapo mwalimu huamua kama atachukua sauti yake peke yake, au atachukua na ya mwingine.

Kwanza tutoe haki kwa upande wa wale wanaokitia alama. Mwalimu aliyevaa vipokea sauti masikioni, na kisanduku akakiacha, hunasa nusu ya somo. Atasikika akisema, "Vyema, lakini sivyo hivyo," na msikilizaji asijue ni kipi kilicho vyema wala kipi kisicho hivyo. Mwanafunzi aliyekosa somo kwa ugonjwa, au kwa sababu umeme ulikatika, atapewa majibu pasipo maswali. Plato, katika kitabu chake kiitwacho Phaedrus, alimwonyesha Socrates akiyalaumu maandishi kwamba hayawezi kumjibu anayeyauliza. Mhadhara ulionaswa nao una upungufu huo. Na tukiuondolea hata maswali yaliyokwisha kuulizwa, tumeuongezea upungufu mwingine. Basi kwa ajili ya aliyekosa somo, kutia alama ni tendo la haki.

Lakini yuko na mwanafunzi aliyekuwapo, na huyu ndiye aliyesema. Sisi tunaofundisha lugha twajua kwamba mwanafunzi hawezi kujifunza kusema bila kusema vibaya kwanza. Atasema "kitabu mbili," atasema "mtoto kinalia," na kwa kusahihishwa atafika. Hapa kwetu Uganda jambo hili lina uzito wa pekee. Shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, baadhi yetu tulilazimika kufundisha kwa vyombo hivi kwa mara ya kwanza. Tena wako wazee wetu ambao Kiswahili walikisikia vinywani mwa askari, katika miaka ya hofu, na watoto wao wamekirithi pamoja na mashaka. Mwanafunzi wa nyumba kama hiyo akikifungua kinywa chake, amefanya tendo la ujasiri. Je, ujasiri huo tuulipe kwa kuyahifadhi makosa yake?

Wahenga walinena kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mashine ya kunasa sauti hulirudia kosa ambalo mwenyewe amekwisha kuliacha. Yeye amesonga mbele, amefaulu, labda sasa ni mwalimu; lakini kila inapofunguliwa kanda ile, angali anasema "mtoto kinalia." Wala tusidhani kwamba kanda hizi husahauliwa upesi. Mwaka 2021 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Concordia, mjini Montreal, Kanada, aligundua kwamba François-Marc Gagnon, mwalimu wa historia ya sanaa ambaye mihadhara yake alikuwa akiifuata kwa kompyuta, alikuwa amefariki mwaka 2019. Kama sauti ya mwalimu yaweza kuendelea kusomesha baada ya mwenyewe kuondoka duniani, na sauti ya mwanafunzi yaweza kuendelea kukosea.

Yamkini mtu atasema: wenzake darasani si walimsikia? Naam, walimsikia, lakini walimsikia kwa masikio yasahauyo, nao walikuwa wakikosea kama yeye. Kusikiwa na wenzio si sawa na kusikiwa na mgeni usiyemjua, siku usiyoijua. Mwingine atasema kwamba inatosha kuomba ruhusa, na kwamba sheria za kulinda taarifa za watu zimekwisha kutungwa: Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo ni njema. Lakini anayeomba ruhusa ndiye anayetoa alama za mtihani. Mwanafunzi anayeulizwa mbele ya darasa zima kama anakubali, atakubali. Na kukubali kwa asiyethubutu kukataa si ruhusa kamili.

Basi tufanyeje? Nadhani njia ipo, nayo haihitaji fedha. Tukionyesha filamu, tutie alama. Hapo hatumchukulii mwanafunzi kitu chake. Yakifika mazungumzo, tusimamishe kunasa, au tukiache kisanduku na kila swali tulirudie kwa vinywa vyetu kabla ya kulijibu: "Nimeulizwa kwa nini twasema vitabu viwili." Hivyo asiyekuwapo atalipata swali, na aliyeuliza atabaki na siri yake. Tukumbuke pia kwamba asiyevaa vipokea sauti, bali akaiacha spika ya kompyuta iseme chumbani, maikrofoni yake itazinasa sauti za wanafunzi hata kama kisanduku hakina alama. Na pale ambapo kosa lenyewe ndilo somo, tumwombe mwenye kosa faraghani, baada ya somo, na akikataa kipande kile kikatwe bila ya kumwuliza sababu.

Sikatai kwamba njia hii ina hasara yake. Aliyekosa somo hatawasikia wenzake wakihangaika na lugha, na kuhangaika huko ni elimu. Lakini hasara hiyo twaweza kuifidia wiki ijayo. Mwanafunzi aliyenyamaza kwa kuogopa mashine hatumfidii kwa urahisi, kwa sababu hatutajua alitaka kuuliza nini. Kuuliza si ujinga, twawaambia kila siku. Basi tuyalinde maswali yao, ili maneno hayo yawe kweli.