Nishani ya Sadaka

Kijana mmoja wa huku kwetu Terrat alituletea kitu alichokinunua mjini Arusha kwa mwuza vitu vya kale. Ni nishani ndogo ya fedha, imepambwa kwa rangi ya buluu ya kioo kilichoyeyushwa, kama ile ya vikombe vya bati vya zamani. Ameanza kuzikusanya. Mama yake alitaka itupwe chooni, kwa kuwa alisikia ni ya Frimasoni. Nasi twaijua hofu ya jina hilo, na matapeli wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme wakiahidi utajiri.

Tuliigeuza. Nyuma mna alama ya simba, ambayo Waingereza huipiga juu ya fedha yenye sehemu 925 katika 1000, na nanga, alama ya mji wa Birmingham. Hirizi siyo. Chama kile kilianzisha mfuko wa kuwatunza na kuwasomesha mabinti wa wanachama waliopatwa na shida, huko London mwaka 1788, na wa wavulana mwaka 1798. Kila mwaka ilifanywa karamu ya kuchangisha, na aliyejitwika kazi ya kukusanya michango alipata nishani yenye mwaka wake, akaivaa kifuani.

Je, huyo si yule mpiga tarumbeta aliyetajwa katika Mathayo sura ya 6? Twasita kusema hivyo. Mtoto aliyepata daftari na viatu hakuuliza kama mtoaji alikuwa na majivuno. Lakini kijana wetu amenunua heshima ya mwingine, na fedha yake imekwenda kwa mwuzaji, wala si kwa yatima. Tulipomwambia hivyo alicheka, akatuuliza habari za mnada wetu wa Jumapili.

Hapo tulinyamaza. Yai moja huuzwa kwa bei ya kuku, watu wakipiga makofi. Na siku ya ahadi majina husomwa pamoja na kiasi cha kila mtu. Safari moja lilisomwa jina la mjane mmoja na shilingi zake chache, na nyuma kukasikika kicheko. Tulikuwepo, wala hatukuinua kichwa. Mama yule sasa huondoka kabla ya matangazo.

Mhazini atuambia kwamba tulipoacha kusoma majina, ahadi zilipungua, nasi twamwamini. Bati za paa hazinunuliwi kwa unyenyekevu. Hata hivyo, kwa maoni yetu, afadhali isomwe jumla tu, na majina yakae katika daftari lake, hata kama paa litachelewa mwaka mmoja. Wazee wa kanisa watalijadili.

Nishani haikutupwa. Kijana ameiweka ndani ya kopo la majani ya chai, na kila mgeni afikaye huonyeshwa.