Msiizoee Shoti ya Bomba la Vumbi

Wanangu maseremala, nawasikia mkicheka mwenzenu anaporuka baada ya kugusa bomba la mashine ya kunyonya vumbi. Mnasema ni umeme wa vumbi, hauna neno, na kazi inaendelea. Kicheko hicho ndicho kinachonitia hofu. Fundi aliyezoea kupigwa shoti hatajua siku anapopigwa na shoti nyingine kabisa.

Vumbi na maranda yanapokimbia ndani ya bomba la plastiki, yanasuguana na kuta zake. Plastiki haipitishi umeme, basi chaji inabaki pale pale, inajilimbikiza, hadi apite mtu asogeze kiwiko. Mpaka uisikie ikikuchoma imeshafika volti elfu kadhaa, ila umeme wenyewe ni kidogo na huisha papo hapo. Hauui. Lakini mkono ulioshtuka hauchagui pa kurukia, na msumeno uko karibu nawe ukizunguka.

Aliyejifunza kazi Keko, Dar es Salaam, huenda asiyajue sana haya, kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu unaoipunguza chaji. Ahamie Mafinga mwezi Julai, au Dodoma wakati wa kiangazi, aanze kuranda mbao zilizokaushwa kwenye tanuri, mashine ya aina ile ile itamuuma. Msiwasingizie majini.

Sasa nisikilizeni vizuri. Umeme wa vumbi hupiga mara moja ukaisha, na hujikusanya tu wakati vumbi linapita. Umeme wa laini uliovuja kwenye bodi ya mashine unawasha na kutetemesha muda wote mkono wako ukiwa hapo, na unakuwepo hata kama hakuna punje ya vumbi bombani. Hizo ni volti 230 zinazotafuta njia ya kufika ardhini, na njia ziliyoipata ni wewe. Ukiuhisi, zima swichi kuu, umwite fundi umeme aje na mita yake. Usiguse mara ya pili ili kuhakikisha.

Dawa mnayoipenda ni kuzungusha waya wa shaba kwenye bomba na kuufunga kwenye bodi ya randa. Siukatai, ingawa hauondoi kila kitu: plastiki haisafirishi chaji, kwa hiyo waya unaipunguza pale unapopita tu. Ninachokataa ni kuufunga kabla ya kupima kama bodi hiyo ina waya wa ardhi unaofika ardhini kweli. Karakana nyingi zina ekstensheni ya nyaya mbili, ule wa tatu ukiwa umeachwa ili kubana matumizi. Mota ikivuja hapo, shaba yako itautembeza umeme wa laini kutoka mashine hadi mashine, na kila atakayegusa atakuwa amegusa mota mbovu.

Mwenye uwezo aweke mabomba ya bati, ahakikishe kila kiungo kinashikana na mwenzake, chuma kwa chuma, kisha yote yafungwe ardhini. Kwenye mpira wenye waya wa kujizungusha ndani, mnakaza klipu mkidhani kazi imekwisha. Klipu imebana plastiki! Menya ncha ya waya, uifunge chini ya skrubu ya mashine, na upande wa pili hivyo hivyo. Waya huo ukiachwa bila kuungwa popote unakusanya chaji na kuiachia yote kwa mpigo mmoja, jambo ambalo plastiki peke yake haiwezi.

Wengine mtaniuliza kuhusu mlipuko. Vumbi la mbao hulipuka kweli. Mwaka 2012 huko British Columbia, Kanada, viwanda viwili vya mbao vililipuka, cha Burns Lake mwezi Januari na cha Prince George mwezi Aprili, na kila kimoja kiliua wafanyakazi wawili. Wachunguzi walielekeza kidole kwenye msuguano wa sehemu za mashine, siyo umeme wa bombani. Kwa hiyo asije mtu akafunga waya wake wa shaba akalala usingizi, huku vumbi limetanda juu ya kenchi na nyuma ya taa. Lifagieni au mlinyonye. Kulipuliza kwa kompresa ni kulitawanya hewani, na hewani ndiko linakolipuka.

Msumari uliovutwa pamoja na maranda ukagonga feni ya chuma hutoa cheche yenye moto kweli. Okoteni misumari kabla ya kuwasha. Na mfuko wa vumbi mwageni kila jioni, nje, mbali na ukuta wa mbao, maana kaa dogo lililonyonywa saa kumi linaweza kufukuta humo na kuwaka saa nne usiku, mkiwa mmeshafunga kufuli na kwenda zenu.