Mapenzi ya Mteja kwa Mnasihi Wake

Mteja anayemfungulia mnasihi moyo wake kwa miezi kadhaa huweza kumpenda, kumwogopa au kumkasirikia kuliko mazungumzo yao yanavyostahili. Hisia hizo zilijengwa kwanza kwa wazazi na walezi, kisha zikahamia kwa mnasihi. Sigmund Freud alizielewa kwa kuchelewa: binti aliyempa jina la Dora aliacha tiba ghafla mwishoni mwa 1900, na katika maelezo ya 1905 Freud alikiri kwamba hakuuona uhamisho huo kwa wakati.

Je, mapenzi ya namna hiyo ni ya kweli? Mwaka 1915 Freud alijibu kwamba hakuna haki ya kuyaita bandia, kwani kila pendo hurudia lile la utotoni. Alisema kweli, na kauli hiyo inadai mengi: mapenzi yakiwa ya kweli, mnasihi hana ruhusa ya kuyadharau, wala ya kujinufaisha nayo.

Mizizi hiyo ya utotoni ilichunguzwa karibu zaidi na Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, kuliko na Vienna ya Freud. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alitembelea familia 26 katika vijiji vya Buganda. Aliona watoto wakimwacha mama ili wacheze mbali, wakigeuka kumtazama, kisha wakirejea. Daktari wa akili John Bowlby baadaye alisema mnasihi naye awe tegemeo la jinsi hiyo, ili mteja athubutu kuyaendea maumivu yake.

Ila nadharia hiyo ya Ainsworth na Bowlby ilimtazama mno mama mmoja. Mwanahistoria Kathleen Smythe, aliyeandika juu ya familia za Nkansi, nchi ya Wafipa ambayo jina lake limebaki katika Wilaya ya Nkasi na makao yake Namanyere, ameeleza kwamba zamani mtoto wa Kifipa aliyeachishwa ziwa alihamia kwa babu na bibi. Kwa aliyelelewa hivyo, anayetafutwa katika uso wa mnasihi huenda ni bibi, au hata mama aliyebaki nyumba ya pili. Anayedhani kila kilio kinamhusu mama atakosea njia.

Nguvu ya bibi imeonekana Zimbabwe. Tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafunza akina bibi wa Mbare, Harare, kusikiliza wenye huzuni kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti wa watu 573, uliochapishwa 2016, ulionyesha nafuu kubwa kuliko huduma ya kawaida.

Katika mji mdogo kama Namanyere, mnasihi hawezi kujificha. Mteja atamkuta sokoni na kanisani, na atamwamkia “Shikamoo mama” kabla hajamfahamu. Heshima hiyo ni njema, lakini inampa mnasihi cheo cha mzazi siku ya kwanza, pamoja na kishawishi cha kuamuru, kuokoa, au kupokea zawadi zinazofunga. Hisia za mnasihi mwenyewe huamka pia. Akizificha zitamwongoza gizani, hivyo anahitaji mwenzake mzoefu wa kumweleza.

Mtihani mkubwa ni kuagana. Watumishi wa umma, wanasihi wakiwemo, huhamishwa vituo, na aliyewahi kuondolewa kwa mama akiwa mdogo huweza kuupokea uhamisho huo wa kikazi kama kutupwa upya. Mnasihi mwenye utu hutaja siku ya mwisho majuma kadhaa kabla, ili hasira ya mteja ipate kusemwa angali yupo wa kuisikia.