Je, Upendo Wataka Alama?

Liko swali litupasalo kuliuliza kila Machi: Je, upendo wa mume na mke wataka alama, au kazi yao yatosha?

Huko Romania, tarehe 24 Februari ni siku ya Dragobete. Kwa desturi ya zamani vijana wa kiume na wa kike huenda msituni kuchuma maua ya kwanza, maana baridi kali yaanza kuondoka. Tena tarehe 1 Machi watu hupeana Mărțișor, yaani uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja. Huvaliwa siku kadha wa kadha, kisha wengi huufunga katika tawi la mti. Mwaka 2017 UNESCO iliitia desturi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Kwetu Mbinga hakuna uzi huo. Lakini Machi hiyo hiyo, mvua zikielekea kukoma, Wamatengo huanza ngoro. Mume hufyeka majani na kuyalaza miraba miraba mlimani. Mke huyafunika kwa udongo, hata shimo likabaki katikati. Juu ya matuta hupandwa maharage. Mvua hutulia shimoni, na udongo hauporomoki. Hizo nazo ni nyuzi mbili zilizosokotwa.

Basi mtu atasema, “Shamba letu ndilo alama yetu; uzi ni wa nini?” Tumjibu hivi: Kazi yaweza kudaiwa, bali alama ya upendo haidaiwi, hutolewa kwa hiari. Mke atokapo ngoro bado kuna kuni, maji, na mtoto mgongoni. Fedha ya kahawa iingiapo, yashikwa na nani? Mume asiyejua uzito wa jembe la mkewe, naye asema kazi ndiyo upendo, amesema neno la kweli kwa kinywa cha uongo. Hata ngoma za kando ya Ziwa Nyasa, mganda ni ya waume na kioda ni ya wake. Kila kundi lafurahi peke yake, na neno la shukrani kati ya wawili halijasemwa.

Wala uzi wa siku moja, usiofuatwa na tendo, si kitu ila pamba iliyotiwa rangi.

Kwa hiyo, enyi waume, jioni mtokapo shambani chukueni majembe ya wake zenu, mkawashukuru kwa majina yao. Na fedha ya kahawa ihesabiwe mbele ya wote wawili.